Je, michezo ya video yenye mapigano huwafanya watu waue?

Asubuhi ya Aprili 16, 2007, mwanafunzi mwenye bastola mbili aliwaua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani, kisha akajiua. Saa chache baadaye, hata jina lake halijatangazwa, tayari kulikuwa na watu kwenye televisheni wakieleza alikojifunzia kuua: kwenye michezo ya video.

Agosti mwaka huohuo jopo lililoteuliwa na gavana wa jimbo la Virginia lilitoa ripoti yake. Mchezo uliotajwa humo ni Sonic the Hedgehog, ule wa kalunguyeye wa rangi ya buluu anayekimbia akikusanya pete, ambao muuaji aliupenda alipokuwa mtoto. Chuoni, wenzake wa chumbani hawakumkuta akicheza michezo ya vita. Walichokiona ni kijana asiyesema na mtu. Walimu wake waliona maandishi ya kutisha, na mmoja wao, mshairi Nikki Giovanni, alitaka aondolewe darasani kwake. Desemba 2005 mahakama ilimwona kuwa hatari kwa nafsi yake na kuagiza atibiwe bila kulazwa. Tiba hiyo haikufuatiliwa, na miezi michache kabla ya mauaji aliuziwa bastola zote mbili na wauzaji wenye leseni.

Si kila kisa kiko hivyo. Vijana wawili walioua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado, Aprili 20, 1999, walikuwa wapenzi wakubwa wa Doom, mchezo wa kupiga risasi. Kijana aliyeua watu 16 katika shule moja ya mji wa Erfurt, Ujerumani, Aprili 26, 2002, alikuwa na michezo ya aina hiyo nyumbani. Lakini katika miaka hiyo ilikuwa vigumu kumpata kijana wa kiume wa Marekani au Ujerumani asiyecheza. Kusema muuaji alicheza gemu ni karibu sawa na kusema alivaa viatu.

Hofu yenye umri mrefu

Mwaka 1976 kampuni ya Exidy ilitoa mchezo ulioitwa Death Race. Mchezaji aliendesha gari na kuwagonga viumbe wadogo waliokuwa wakikimbia, na kila aliyegongwa aligeuka kuwa msalaba wa kaburi. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, vijistari tu ukilinganisha na za leo, lakini magazeti yalipiga kelele. Mwaka 1992 ukaja Mortal Kombat, ambamo mshindi aliweza kumng'oa mwenzake moyo. Desemba 1993 Baraza la Seneti la Marekani lilifanya vikao kuhusu jambo hilo, na mwaka uliofuata kampuni za michezo zikaunda chombo cha kuweka alama za umri kabla serikali haijawaundia. Baada ya Erfurt, Ujerumani ilianza kutumia sheria mpya ya kuwalinda vijana Aprili 1, 2003, na alama za umri kwenye michezo zikawa na nguvu ya kisheria.

Kabla ya gemu, washtakiwa walikuwa wengine. Mwaka 1954 Baraza hilohilo la Seneti lilikaa kujadili iwapo vitabu vya katuni vinawaharibu watoto. Na waliokulia Afrika Mashariki enzi za vibanda umiza wanakumbuka wazazi walivyozilaumu filamu za karate kila watoto walipotoka humo wakirushiana mateke.

Pilipili na kelele

Je, sayansi inasema nini? Jibu linategemea sana kile kinachopimwa, na hapa ndipo mjadala mwingi unapopotea njia.

Hakuna mtafiti anayeweza kumpa mtu gemu kisha akasubiri kuona kama ataua. Kwa hiyo hupimwa uchokozi mdogo. Katika aina moja ya jaribio, mshiriki hucheza kwa dakika kadhaa, kisha hushindanishwa na mtu asiyemwona na kuruhusiwa kumpigia kelele masikioni; hupimwa ukubwa na urefu wa kelele anazochagua. Katika aina nyingine huambiwa ampakulie mwenzake mchuzi wa pilipili, huku akijua kuwa huyo mwenzake hapendi vitu vikali. Pilipili ikizidi, inahesabiwa kuwa uchokozi umezidi.

Profesa Craig Anderson wa Chuo Kikuu cha Iowa State na wenzake wamefanya na kukusanya tafiti nyingi za namna hii, na wanashikilia kwamba michezo yenye mapigano huongeza fikra, hisia na vitendo vya uchokozi. Anayewapinga zaidi ni Christopher Ferguson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stetson, anayesema vipimo hivyo haviwakilishi ukatili wa kweli na kwamba matokeo yanayoonyesha madhara huchapishwa kwa urahisi kuliko yasiyoonyesha kitu. Wamebishana kwa zaidi ya miaka 15.

Wapo waliotoka nje ya maabara. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliunganisha tafiti 24 zilizofuatilia watoto na vijana zaidi ya 17,000 kwa muda, ukiangalia mambo kama kupigana shuleni. Ulikuta kwamba waliocheza zaidi michezo ya mapigano waliongeza ugomvi baadaye, ila kwa kiwango kidogo. Mwaka huohuo, taasisi ya Max Planck ya mjini Berlin iliwapa watu wazima mchezo wa Grand Theft Auto V wacheze kila siku kwa miezi miwili, wengine ikawapa mchezo wa amani wa The Sims 3, na kundi la tatu halikupewa chochote. Uchokozi haukuongezeka kwa yeyote. Februari 2019, Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichapisha utafiti wa Waingereza 1,004 wenye umri wa miaka 14 na 15. Walitangaza mapema watakachopima, wakatumia alama rasmi za michezo badala ya maoni ya wachezaji, na tabia ya mtoto wakamuuliza mzazi au mlezi wake. Hawakuona uhusiano wowote.

Ukiziweka pamoja, tafiti hizi hazipingani kama zinavyodhaniwa. Mabishano ni kati ya athari ndogo na kutokuwepo kwa athari, na yote ni kuhusu hasira, matusi na ngumi. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwaka 2015 kilisema michezo hii inahusiana na uchokozi, kilirudi Machi 2020 kufafanua: hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha na ukatili mkubwa, na si haki kisayansi kuilaumu kwa mauaji.

Kuna jambo jingine ambalo yeyote aliyepita kwenye kibanda cha gemu anaweza kulithibitisha. Mpira wa miguu kwenye skrini hauna damu wala bunduki, lakini anayefungwa bao la dakika za mwisho hutukana na kubamiza kifaa. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2011 kwamba ushindani ndani ya mchezo unaweza kuamsha uchokozi hata pasipo mapigano. Huenda hasira inayopimwa maabara ni ya kushindwa tu.

Kutazama nchi nzima pia kunasaidia, ingawa hakuthibitishi chochote peke yake. Japani na Korea Kusini hutumia fedha nyingi kwa michezo ya video, na mauaji ya bunduki huko ni machache mno. Marekani yenyewe, kukamatwa kwa vijana kwa makosa ya ukatili kulifikia kilele katikati ya miaka ya 1990, kisha kukapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka ileile ambayo mauzo ya gemu yalipanda.

Suala hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Jimbo la California lilikuwa limetunga sheria mwaka 2005 ya kupiga marufuku kuwauzia watoto michezo ya kikatili. Juni 27, 2011, majaji 7 dhidi ya 2 waliifuta. Jaji Antonin Scalia, mhafidhina asiyejulikana kwa upole, aliandika kwamba tafiti zilizoletwa hazikuonyesha kuwa michezo husababisha ukatili, na akakumbusha kwamba hata hadithi za watoto za ndugu Grimm zimejaa damu.

Waliochunguza wauaji wenyewe

Idara ya ulinzi wa rais ya Marekani, Secret Service, na wizara ya elimu walichunguza mashambulizi 37 yaliyofanyika shuleni kati ya mwaka 1974 na 2000. Ripoti yao ilitoka mwaka 2002. Kati ya washambuliaji 41, ni takribani asilimia 12 tu walioonyesha kuvutiwa na michezo ya video ya kikatili. Walioonyesha kuvutiwa na ukatili katika maandishi yao wenyewe, yaani mashairi, insha na kumbukumbu, walikuwa asilimia 37. Zaidi ya theluthi mbili walijiona wameonewa au kuteswa na wengine. Zaidi ya theluthi mbili walipata bunduki nyumbani kwao au kwa ndugu.

Na katika asilimia 81 ya matukio, angalau mtu mmoja alijua kabla kwamba mshambuliaji alikuwa akifikiria au kupanga jambo hilo. Mara nyingi alikuwa rafiki, mwanafunzi mwenzake au ndugu.

Haya hayamaanishi kwamba mtoto wa miaka 8 aachwe na gemu lolote. Alama za Ulaya, kuanzia 3 hadi 18, zipo kwa sababu watoto wadogo huogopa, hukosa usingizi na huiga. Michezo ya simu inayochezwa kwa intaneti huongeza jambo ambalo alama haziwezi kulipima: mtu asiyejulikana anayezungumza na mtoto upande wa pili. Mzazi ana sababu nyingi za kuuliza mtoto anacheza nini na nani, bila kufikiria mauaji.

Agosti 3, 2019, mtu mwenye bunduki aliwashambulia wateja katika duka la Walmart mjini El Paso, Texas. Watu 23 walikufa. Alikuwa ameacha mtandaoni waraka uliojaa chuki dhidi ya wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini. Siku mbili baadaye Rais Donald Trump alihutubia taifa, na miongoni mwa aliyoyalaumu ni michezo ya video. Wiki hiyo Walmart iliwaagiza wafanyakazi waondoe madukani mabango na skrini zinazoonyesha michezo ya mapigano. Michezo yenyewe iliendelea kuuzwa, na bunduki pia. Septemba ndipo kampuni ilipotangaza kwamba itaacha kuuza risasi za bastola.