Posamu wa Leadbeater: mnyama anayesubiri miti izeeke

Ukisikia kwamba mnyama fulani ameumbika kuendana na mazingira yake, labda unafikiria mwili tu: kucha, mkia, meno. Sawa kabisa. Ila leo nikupeleke jimbo la Victoria, Australia, kwa mnyama ambaye historia yake inaonyesha kwamba mwili peke yake hautoshi. Anaitwa posamu wa Leadbeater.

Posamu ni wanyama wenye mfuko wa kulelea mtoto, kama kangaruu, na wengi wao huishi juu ya miti. Huyu ni mdogo kweli, ana kama gramu 100 hadi 160. Ndugu zake wa karibu wana utando wa ngozi ubavuni, kwa hiyo huteleza hewani kutoka mti hadi mti. Yeye hana. Anategemea kuruka na kushika tawi, na ndiyo maana anataka msitu uliosongamana.

Usiku hutoboa magome ya miwati kwa meno yake ya mbele, halafu anarudi kulamba utomvu. (Miwati unaijua: ile inayolimwa Njombe nayo asili yake ni Australia.) Hula wadudu pia. Mchana, familia nzima hujibana ndani ya pango la mkaratusi mzee, kwenye kiota cha nyuzi za magome, wakipashana joto. Milima ile ina baridi, hata theluji huanguka. Anayezaa ni jike mmoja tu, naye hapendi kabisa kuona jike mwingine kwenye eneo lake.

Sasa tuje kwenye historia. Mwaka 1867 Frederick McCoy alimwelezea kisayansi kwa mara ya kwanza, akampa jina la John Leadbeater, fundi wa kukausha wanyama wa makumbusho ya Melbourne. Vielelezo vya kwanza vilitoka Bass River, kwenye vinamasi ambavyo baadaye vilifyekwa kupisha mashamba. Baada ya kielelezo cha 1909, kimya. Tarehe 13 Januari 1939 ukaja moto mkubwa ulioua watu 71 na kuteketeza misitu ya milimani. Wengi wakaona huyu mnyama basi tena.

Lakini usiku wa tarehe 3 Aprili 1961, kijana mmoja wa makumbusho, Eric Wilkinson, alimwona karibu na Cambarville. Yaani ndani ya msitu uleule ulioungua! Iliwezekanaje?

Jibu liko kwenye miti. Moto uliua mikaratusi mizee, lakini mingi ilibaki imesimama, mikavu, na mapango yake ndani. Chini yake miwati ikaota kwa wingi, kwa sababu joto la moto huamsha mbegu zake zilizolala ardhini. Baada ya miaka 22 posamu akawa na vyote viwili: nyumba kwenye miti iliyokufa na chakula kwenye miti michanga.

Tatizo ni kwamba raha hiyo ina mwisho. Miti iliyokufa huoza na kuanguka. Nayo mikaratusi iliyoota baada ya 1939 bado ni vijana, kwani pango la kutosha familia linaweza kuchukua miaka 150 kutokea. Piga hesabu: tunazungumzia mwaka 2089. Hapo katikati, mashoka na misumeno iliendelea kukata, ingawa mwaka 1971 posamu huyu alifanywa nembo ya jimbo. Februari 2009 moto mwingine ukaunguza zaidi ya theluthi moja ya makazi yake.

Victoria ilisitisha uvunaji wa kibiashara wa misitu ya asili ya serikali tarehe 1 Januari 2024. Kabla ya hapo watu walishaanza kumpigilia visanduku vya mbao mitini na kuchonga mapango kwa msumeno, ili apate pa kulala. Vinasaidia, ila navyo huoza mapema kuliko mti unavyozeeka.

Kwa hiyo ukisoma tena kuhusu mnyama aliye hatarini, usiulize tu wamebaki wangapi. Uliza pia nyumba yake inachukua miaka mingapi kujengeka. Kwa posamu huyu, hata tukiacha kukata leo, itabidi asubiri. Na moto wa kiangazi haujaahidi kumsubiri.