Jumanne za Mto Tungu

Ploti yetu hapa West Indies, Eldoret, ina milango minane na mita moja. Tokeni tunachanga. Zikiisha saa mbili usiku, hakuna anayeuliza stima imeenda wapi, tunauliza nani amewasha koili. Nimewahi kushukiwa mimi, juu nilikuwa nyumbani mchana kutwa baada ya kuacha chuo. (Siku hiyo walikuwa sahihi. Nilichemsha maharagwe.)

Ndiyo maana niliposoma habari za Tungu-Kabiri sikuanza na mitambo. Nilitaka kujua waligawana vipi.

Tungu ni mto wa upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kama kilomita 185 kutoka Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wa kijiji cha Mbuiru waliungana na shirika la ITDG, ambalo leo ni Practical Action, pamoja na Wizara ya Kawi, kwa ufadhili wa UNDP, ili watengeneze stima yao wenyewe. Familia kama 200 zilinunua hisa, na hisa za mtu mmoja ziliwekewa kikomo. Kisha ikaja kazi ya mikono. Kila Jumanne, kwa takriban miaka miwili, wanachama walitoka kwenda kujenga. Mimi hapo ndipo naona ujanja wao. Pesa hazilingani, lakini Jumanne ya maskini ina saa zile zile za Jumanne ya tajiri. Ukizibeba zile saa mgongoni, hakuna wa kukuambia baadaye kwamba mtambo si wako.

Mtambo ulitoa kilowati 18. Gawanya kwa nyumba 200: wati 90 kila moja. Hizo ni balbu kadhaa na redio. Koili ya ploti yetu peke yake inakula wati 1000 hivi. Sasa badala ya kugombania vitone, stima ilipelekwa kwenye kituo cha biashara cha pamoja: kuchomelea vyuma, kuchaji betri, saluni. Betri ikijaa unaibeba unarudi nayo nyumbani. Kuna watakaosema hiyo si stima kamili. Sawa, lakini mafundi na wasusi walipata kazi pale pale kijijini.

Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba na msambazaji mwenye leseni, ili stima anayozalisha ikizidi iingie kwenye laini na ahesabiwe. Ni hatua. Ila mkataba huo ni wa wewe na kampuni, jirani hayumo. Mbuiru walianza na jirani.

Kijana wa mlango wa tano ana paneli ya sola juu ya mabati. Betri yake hujaa kabla ya saa nane mchana, na jua linalobaki linapotea bure. Wiki jana alipitisha waya kando ya kamba ya nguo hadi kwa mama wa mlango wa sita, balbu moja, watoto wasome. Bado hawajaelewana atalipwa nini.