Fukwe Zilizojificha za Rif na Historia Iliyozificha



Tukisikia jina la Moroko, au Maghribi kama wazee wetu walivyozoea kuiita, mawazo ya wengi wetu hukimbilia Fes na Marrakesh, au kwa Ibn Battuta wa Tanja, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Lakini mtu akitoka hapo Tanja na kuifuata Bahari ya Kati kuelekea mashariki (Waarabu wa zamani wakiiita Bahari ya Rumi) anaingia katika pwani ambayo haitajwi sana. Milima ya Rif inashuka moja kwa moja mpaka majini. Baina ya mji wa Al Hoceima na kijiji cha Badis, majabali ya Bokkoya yamesimama kama ukuta, na chini ya ukuta huo vimejificha vighuba vidogo vya mchanga na kokoto. Vingine hufikiwa kwa gari. Vingine havifikiki ila kwa mashua, au kwa miguu katika njia za mbuzi. Maji yake ni safi kiasi kwamba mtu aliye juu ya genge huona mawe yaliyo chini ya bahari.

Mwaka 2004 sehemu hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa, takriban hekta 48,000 za nchi kavu na bahari kwa pamoja. Yupo huko ndege mkubwa wa jamii ya tai anayeishi kwa kuvua samaki, naye hujenga kiota chake kwenye majabali hayo.

Waandishi wa vitabu vya watalii wana neno moja kwa pwani hii: haijaguswa. Wanaliandika kwa nia njema. Lakini kila ninapolisoma hujiuliza, haijaguswa na nani? Maana katika fukwe hizi zimeteremka merikebu za watu wa kaskazini ya mbali, za Makhalifa, za Wahispania na za Waturuki. Miji miwili mashuhuri ya Waislamu ilisimama hapa na leo haipo. Hivyo utupu tunaousifu una sababu zake, na sababu hizo ndizo ninazotaka tuzitazame.

Tuanze na Nakur. Mnamo mwaka 91 Hijria (yapata 710 Miladia), siku zilezile Waislamu walipokuwa wakivuka bahari kuingia Andalusia, mtu mmoja aliyenasibishwa na Yemen, Salih bin Mansur al-Himyari, alipewa eneo hili na Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik. Makabila ya Kiberberi ya hapo, Ghumara na Sanhaja, yalisilimu mikononi mwake. Haikuwa kazi ya siku moja. Mwanajiografia al-Bakri wa Andalusia, aliyeandika katika karne ya 11, anasimulia kuwa watu hao waliona sharia ni nzito, wakarudi nyuma na kumfukuza Salih, kisha wakatubu wakamrudisha. Napenda al-Bakri kwa sababu hakulificha jambo hilo.

Mjukuu wa Salih, Said bin Idris, ndiye aliyeujenga mji wa Nakur, ndani kidogo kutoka ghuba ya Al Hoceima, baina ya mito miwili. Bandari yake ilikuwa al-Mazamma, hapo ufukweni. Mji ulikuwa na milango minne, miongoni mwake Mlango wa Musalla, Mlango wa Mayahudi na Mlango wa Bani Waryaghal. Tafadhali, msomaji, likumbuke jina hilo la Bani Waryaghal, tutakutana nalo tena.

Mwaka 244 Hijria (858 Miladia) zikaja merikebu za watu ambao wanahistoria wa Kiarabu waliwaita Majusi. Hawakuwa Majusi wa Uajemi. Walikuwa Wavikingi, mabaharia wa nchi za Skandinavia, waliozunguka pwani yote ya Andalusia wakipora. Waliuteka Nakur wakakaa siku nane, wakabeba mali na mateka, wakiwemo mabinti wa nyumba ya mtawala. Amiri wa Kordoba, Muhammad bin Abdur-Rahman, ndiye aliyelipa fidia wakaachiliwa. Hapo tunaona jinsi pwani mbili za bahari hii zilivyokuwa jamaa moja: msiba wa upande wa kusini ulilipiwa na upande wa kaskazini.

Kisa kingine nakileta kwa urefu kidogo, maana ni kisa cha fukwe hasa. Mwaka 305 Hijria (917) majeshi ya Fatimiya yaliuvamia Nakur na kumwua mtawala wake, Said bin Salih. Wanawe watatu, Idris, al-Mutasim na Salih, wakavuka bahari mpaka Malaga. Walipokewa vizuri na wangeweza kwenda kustarehe Kordoba, lakini walichagua kukaa palepale Malaga ili wasiwe mbali na kwao. Walipopata habari kuwa adui ameacha kikosi kidogo tu, waliafikiana kuwa kila mmoja apande chombo chake, na atakayetangulia kufika ndiye atakayekuwa mtawala. Waling'oa nanga usiku mmoja. Aliyetangulia kutia nanga, katika pwani ya Tamsaman mashariki ya ghuba, alikuwa Salih, mdogo wao wote. Makabila yakamzunguka, yakampa baia, na mji ukarudi mikononi mwa wenyewe. Ndugu zake walipofika walitekeleza ahadi. Ni wangapi katika historia ya watawala wameachiana kiti kwa sababu ya upepo na tanga tu?

Nakur ilibomolewa katika karne ya 11, zama za Murabituna wa Yusuf bin Tashfin, na haikujengwa tena.

Mji wa pili ni Badis, magharibi zaidi, kwenye bonde linalofunguka ghafla baina ya majabali. Badis ulikuwa bandari ya Fes kwa upande wa Bahari ya Kati. Ulikuwa pia mji wa elimu na wacha Mungu. Mwanachuoni wa hapo, Abdul-Haqq al-Badisi, aliandika mwanzoni mwa karne ya 14 kitabu cha habari za mawalii wa Rif, na Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima yake, anamtaja Abu Yaqub al-Badisi kuwa ndiye walii mkubwa wa Maghribi wa wakati huo. Kaburi lake lipo mpaka leo karibu na ufukwe.

Al-Hasan al-Wazzan, mzaliwa wa Granada ambaye Wazungu wanamwita Leo Africanus, aliuelezea mji huu katika kitabu alichokimaliza mwaka 1526. Anasema dagaa walikuwa wengi mno hata mvuvi hakuweza kulivuta jarife peke yake. Kila asubuhi maskini wa mji walikwenda ufukweni kusaidia kuvuta, nao wakapewa fungu lao, na aliyekuwa akipita tu naye hakuachwa mikono mitupu. Ukimwambia mtu wa Badis ya zama hizo kwamba siku moja wageni watausifu ufukwe wake kwa sababu hauna watu, sijui angekuelewa vipi.

Kilichoimaliza Badis ni jabali. Mbele ya mji, hatua chache tu ndani ya maji, limesimama jabali refu. Granada ilianguka mwaka 1492, na Waislamu wengi wa Andalusia walikimbilia pwani hii. Milima iliyokuwa nyuma ya Badis ilikuwa na misitu ya mbao nzuri, vyombo vikaundwa, vikawa vinavuka kushambulia pwani ya Uhispania. Wahispania waliwaita watu hao maharamia. Wenyewe walijiona wapiganaji wa jihadi waliodhulumiwa nchi yao. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilichukua mateka na kuwauza, na hatuna haja ya kulipamba hilo.

Mwaka 1508 Pedro Navarro alilishika jabali kwa niaba ya Uhispania na kujenga ngome juu yake. Al-Wazzan anaeleza kuwa mizinga ya ngome hiyo iliweza kupiga ndani ya mitaa ya mji. Hebu fikiria mji ambao mama hawezi kumtuma mtoto dukani bila kutazama juu. Waislamu walilikomboa jabali mwaka 1522, baadaye likawa mikononi mwa Waturuki wa Algiers, na mwaka 1564 Uhispania ilirudi na kundi kubwa la merikebu ikalichukua moja kwa moja. Lipo mikononi mwake mpaka leo kwa jina la Peñón de Vélez de la Gomera. Vélez hapo ni Badis iliyopindwa na ulimi wa kigeni, na Gomera ni Ghumara. Mwaka 1673 wakachukua na kisiwa kingine, ndani ya ghuba ya Al Hoceima. Bandari yenye adui mlangoni haiwi bandari tena. Wafanyabiashara wakahama, na Badis ikabaki vibanda vya wavuvi.

Sasa turudi kwa Bani Waryaghal. Katika kabila hilo, kijijini Ajdir, mkabala na kile kisiwa cha pili, alizaliwa Muhammad bin Abdul-Karim al-Khattabi. Alisoma Qarawiyyin ya Fes, akawa kadhi na mwandishi wa gazeti huko Melilla, kabla ya kuwaongoza watu wa Rif dhidi ya ukoloni. Mwezi Julai 1921 huko Annual jeshi la Uhispania lilivunjika na maelfu ya askari wake wakauawa. Uhispania ilijibu, pamoja na mambo mengine, kwa mabomu ya gesi ya sumu iliyodondoshwa kutoka kwenye ndege juu ya vijiji na masoko. Hili limethibitishwa na wanahistoria, wakiwemo Wahispania wenyewe.

Mwisho wa vita ulikuja kupitia fukwe. Watu wa Rif walitazamia shambulio ndani ya ghuba yenyewe, kwenye mchanga mpana wa Souani na Sfiha. Tarehe 8 Septemba 1925 Wahispania, wakisaidiwa na manowari za Ufaransa, walishuka pembeni, magharibi ya ghuba, kwenye fukwe ndogo za Ixdain na Cebadilla. Mashua zao nyingi zilikuwa zilezile ambazo Waingereza walizitumia Gallipoli dhidi ya Waturuki mwaka 1915. Zilikwama kabla ya kufika nchi kavu, askari wakashuka majini na bunduki zao juu ya vichwa. Wanahistoria wa vita huihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa mara za kwanza kwa ndege, manowari na vifaru kutumika pamoja katika kushusha jeshi ufukweni. Miongoni mwa maofisa alikuwemo kanali Francisco Franco, yule aliyekuja kuitawala Uhispania. Ajdir ilianguka tarehe 2 Oktoba. Kando ya hapo wakoloni wakajenga mji wao, wakauita Villa Sanjurjo kwa jina la jenerali. Huo ndio Al Hoceima ya leo.

Abdul-Karim alijisalimisha kwa Wafaransa mwezi Mei 1926, nao wakampeleka Réunion, kisiwa cha Bahari yetu ya Hindi kilichopo mashariki ya Madagaska. Alikaa huko zaidi ya miaka 20. Mwaka 1947, meli iliyokuwa ikimpeleka Ufaransa ilipopita Misri, alishuka na kuomba hifadhi. Alifariki Kairo mwaka 1963 bila kurudi Rif.

Wahispania waliondoka mwaka 1956, isipokuwa kwenye majabali yao. Mtu angedhani sasa ni zamu ya bandari kufufuka. Lakini mwaka 1958 watu wa Rif waliinuka wakidai haki zao katika dola mpya, wakazimwa kwa nguvu za kijeshi, na kwa miaka mingi eneo likasahauliwa. Barabara hazikujengwa wala viwanda havikuja. Vijana walichukua pasi za kusafiria wakaenda Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani kufanya kazi migodini na viwandani. Wajukuu wao hurudi kila kiangazi na magari yaliyosheheni mizigo, na vile vighuba hujaa watoto wanaochanganya Kitarifit na Kiholanzi. Ikifika Septemba, kimya.

Tetemeko la tarehe 24 Februari 2004 liliua zaidi ya watu 600 katika vijiji vya nyuma ya pwani. Oktoba 2016 muuza samaki mmoja wa Al Hoceima alipondwa ndani ya gari la taka alipokuwa akijaribu kuokoa samaki wake walionyang'anywa. Watu wakaingia barabarani kwa miezi, wakidai hospitali ya saratani, chuo kikuu na kazi. Viongozi wao walifungwa, wengine hadi miaka 20. Hawa ni watu wa pwani ileile inayosifiwa kwa utulivu wake.

Siku hizi ipo barabara ya pwani kutoka Tanja mpaka Saidia, karibu na mpaka wa Aljeria. Kule Saidia hoteli kubwa za watalii zilifunguliwa mwaka 2009 kando ya ufukwe. Wapo wanaotaka hivyo hivyo Cala Iris, kwa sababu kijana anahitaji kazi karibu na mama yake. Wapo wanaosema ghuba likishauzwa mvuvi ndiye wa kwanza kuambiwa ahamishe mashua. Mimi nawaelewa wote wawili, ingawa moyo wangu uko kwa mvuvi.

Na pale Badis? Katika miaka ya 1930 tufani ilileta mchanga ukaziba maji baina ya jabali na nchi kavu, na tangu hapo hakihitajiki chombo kulifikia. Upana wa mchanga huo ni kama mita 85, na ndio unaotajwa kuwa miongoni mwa mipaka mifupi kabisa ya nchi kavu duniani. Juu yake askari wa Uhispania wanatazama chini. Chini wavuvi wachache wanashona nyavu karibu na kaburi la Abu Yaqub. Baina yao mpaka wa Afrika na Ulaya ni kamba ya buluu ya plastiki iliyolazwa mchangani.