Machujio ya taka yanavyoondoa naitrojeni katika maji taka

Maji taka ya eneo la Point, mjini Durban, Afrika Kusini, hupitishwa chini ya lango la bandari hadi upande wa Bluff. Huko huondolewa takataka ngumu, kisha husukumwa baharini kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3.

Mfumo huo hutegemea mikondo ya bahari kuyatawanya maji hayo. Haukukusudiwa kuondoa naitrojeni.

Mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal, yalivunja mabomba na mitambo. Fukwe kadhaa za Durban zilifungwa kutokana na bakteria wa kinyesi.

Madhara yake

Naitrojeni ya maji taka hutokana zaidi na mkojo, na huonekana kwanza kama amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Ikigeuka naitreti hurutubisha mwani. Mwani ukioza, humaliza oksijeni majini.

Katika visima, naitreti huwadhuru watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Hatua mbili

Chujio la kwanza huhitaji hewa. Hujazwa matofali yaliyopondwa, vipande vya chupa au vya matairi chakavu. Vitu hivyo havinasi naitrojeni. Ni makao ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti.

La pili hufungiwa hewa na kujazwa maranda na vipande vya mbao kutoka karakana za maseremala. Bakteria wa humo hula kaboni ya mbao na, kwa kukosa oksijeni, hutumia ile iliyomo katika naitreti. Naitrojeni hutoka kama gesi isiyo na madhara, ile ile iliyojaa hewani.

Mpangilio huo haupinduliwi: amonia ikikosa hatua ya kwanza, hupita katika mbao bila kuguswa.

Elimu hii ina mizizi Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi James Barnard aliifanyia majaribio kama hayo, bila mbao, katika mtambo wa Daspoort, Pretoria. Mwaka 2011 alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Lee Kuan Yew nchini Singapore.

Kuondoa au kutumia?

Katika kituo cha Newlands Mashu, Durban, manispaa na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walichukua njia nyingine: maji yaliyosafishwa kwa sehemu yalimwagiliwa migomba na magimbi, ili naitrojeni iwe mbolea.

Machujio ya taka yana mipaka. Mbao huoza na lazima zibadilishwe, matairi huweza kutoa zinki, na vijidudu vya maradhi havimalizwi. Tena yanahitaji nafasi, ambayo haipatikani Point penye maghorofa yaliyosongamana.

Yanafaa zaidi penye mashimo ya maji taka na uwanja mdogo, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Huko choo na kisima mara nyingi hugawana ardhi moja, na kinachopita katika udongo hurudi kikombeni.