Sarafu za fedha za Mtambwe Mkuu na mihuri iliyozipiga

Hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha ilifukuliwa mwaka 1984 katika kisiwa kidogo cha Mtambwe Mkuu, magharibi mwa Pemba, pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari zilitoka ng'ambo, zikiwemo za Wafatimiya. Zile za fedha ni za pwani hii hii, zenye majina ya watawala wake upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili. Hazina mwaka wala jina la mji.

Kwa upungufu huo, mtafiti hutegemea mihuri. Sarafu ya kale ilipigwa kwa nyundo, kipande cha fedha kikiwekwa baina ya mihuri miwili iliyochongwa kwa mkono. Kwa kuwa mkono haurudii mchoro sawasawa, sarafu mbili zenye kasoro ileile zilitoka katika muhuri mmoja. Na ufa wa muhuri unavyopanuka huonyesha ipi ilitangulia. Warumi waliwarahisishia kazi watafiti: mwaka 82 K.K. Publius Crepusius alitia namba katika mihuri ya dinari zake za fedha.

Pemba hakuna namba. Kilichopo ni wingi wa sarafu zilizozikwa pamoja, nao ndio unaowezesha ulinganisho. Hazina kama hiyo ikigawanywa kwa wanunuzi, au ikiyeyushwa na sonara, uzito wa fedha hubaki, lakini mfuatano wa watawala wale hauwezi kupangwa tena.