Kazi ya Kuwafundisha Watu Wazima Bagamoyo

Mtu akitoka mji wa Bagamoyo kwa miguu, akashika njia ya pwani upande wa kusini, kwa muda wa saa moja hivi atafika Kaole. Huko ataona magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe. Wenye elimu ya mambo ya kale husema kwamba msikiti ulio wa kwanza ulijengwa katika karne ya 13. Na penye msikiti pana darasa. Kwa hiyo tukumbuke kwanza neno hili: misioni haikuja mahali pasipo elimu. Watu wa pwani walijua wino na kalamu karne nyingi kabla ya mapadre kufika.

Lakini njia za misafara zilizoishia pwani hii zilileta pia watu ambao hawakupewa darasa lo lote, ila minyororo. Ndio watumwa kutoka bara, waliotwaliwa makwao wakauzwa Unguja. Ni kwa ajili yao Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padre Antoine Horner, walianza misioni ya Bagamoyo katika mwezi wa Machi mwaka wa 1868, kwa idhini ya Sultani Majid wa Unguja. Wengine walikombolewa kwa fedha. Wengine baadaye walitolewa katika majahazi na manowari za Waingereza, wakaletwa misioni.

Sasa fikirini shida ya wasimamizi wale. Kumfungua mtu mnyororo ni kazi ya siku moja. Lakini siku ya pili atakula nini? Atakaa wapi? Atasema na nani, naye ametengwa na ndugu na lugha yake? Mithali yasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na watu hawa walikuwa wamefunzwa na ulimwengu kupita kiasi. Basi misioni ikapanga utaratibu. Watoto wakawekwa shuleni na katika karakana, wakafundishwa kulima, useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono, pamoja na dini na kusoma. Waliokua wakaoana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo waliokombolewa. Kengele iligawa siku: saa ya sala, saa ya kazi, saa ya mafundisho.

Tena kazi ile ilikutana na misiba. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na pwani yetu, ikaangusha majengo mengi ya misioni. Wakaanza kujenga upya. Mwaka uliofuata Bwana Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika shauri la kukomesha biashara ya watumwa, alifika Bagamoyo, akaisifu misioni hii kuwa mfano wa kufuatwa.

Walakini sifa za mgeni si hesabu kamili, na jubilei njema haifichi upungufu. Fedha nyingi za kazi ile zilitoka katika Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka wa 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Kama jina lake linavyoonyesha, shirika hilo lilikusanya sadaka kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo aliyepangiwa mengi ni mtoto. Mapadre nao waliamini, kama sisi tunavyosema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini wale watoto wakakua, wakawa waume na wake wenye nyumba, na utaratibu ukabaki ule ule wa watoto. Mtu mwenye mke na watoto aliongozwa bado kwa kengele na ruhusa, kama mwanafunzi. Wenye kuchunguza historia, wakisoma barua za wamisionari wenyewe, wameona kwamba baadhi ya watu hao walinung'unika, na wengine walitoroka. Waliondoka mahali palipowapa chakula na usalama, kwa maana waliona kwamba hawajawa bado wenye shauri lao. Jambo hili latufundisha mengi kuliko sifa za Bwana Frere.

Wala haki haituruhusu kusema kwamba kazi ilipotea. Misioni ilipofunguliwa Mhonda, katika milima ya Nguru, mwaka wa 1877, watu wa Bagamoyo waliooana walikwenda huko pamoja na mapadre kuanzisha kijiji kipya. Na vita vya Abushiri na Wadachi vilipozuka mwaka wa 1888, maelfu ya watu wa mji na wa mashamba walikimbilia misioni wakapata hifadhi.

Miaka mingi ikapita. Nchi ilipokwisha kupata uhuru, neno lile la samaki likageuzwa. Mwaka wa 1964, alipoeleza mpango wa kwanza wa miaka mitano, Mwalimu Julius Nyerere alisema kwamba lazima tuanze na watu wazima, kwa kuwa watoto hawataleta mabadiliko ila baada ya miaka mingi. Mwaka wa 1970 ukafanywa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika mikoa ya Ziwa, Shirika la UNESCO lilisaidia kisomo ambacho vitabu vyake vilieleza pamba, ndizi, ng'ombe na uvuvi, yaani mambo ambayo msomaji aliyashika kwa mikono yake kila siku. Walimu wengi wa kisomo walikuwa jirani za wanafunzi wao. Mwaka wa 1967 watu wazima kama wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Kwa hesabu ya serikali, kufika mwaka wa 1986 hawakuzidi mmoja katika kumi. Baadaye fedha zilipungua, na madarasa mengi yakafungwa. Idadi ya wasiojua kusoma ikapanda tena.

Basi, ninyi walimu na wazee wa parokia mnaosimamia madarasa ya watu wazima, au mnaopokea msaada wa mashirika ya huruma, tazameni mambo mawili. La kwanza: ulizeni mapema fedha imetolewa kwa ajili ya nani na kwa miaka mingapi, ili asisahauliwe yule asiyeandikwa katika barua ya mfadhili, wala darasa lisife siku fedha inapokwisha. La pili: mtu mzima asipangiwe saa yake bila kuulizwa. Mvuvi hawezi kuketi darasani maji yanapomwita baharini, wala mama hawezi kuja saa ya kupika. Wakae wenyewe, wachague saa yao, wachague mwenye kutunza daftari na ufunguo wa chumba. Watu wa kijiji kile cha Bagamoyo walifundishwa mengi, lakini ufunguo ulikaa mkononi mwa mwingine.