Waliugua, Sisi Tukapata Chanjo. Nani Aliwauliza?

Kama ulizaliwa Kenya baada ya 2002, kuna uwezekano mkubwa ulidungwa chanjo ya hepatitisi B kabla hata hujajua kukaa. Muulize mamako akutolee ile kadi ya kliniki. Leo nataka tuongee kuhusu watoto waliougua kwenye njia ya kuelekea chanjo hiyo.

Twende New York, Marekani. Pale Staten Island kulikuwa na taasisi ya serikali ya watoto wenye ulemavu wa akili, ikiitwa Willowbrook. Ilijengewa watu 4,000. Kufikia 1965 walikuwa wamejazana zaidi ya 6,000. Kuanzia 1956, daktari Saul Krugman na wenzake waliwaambukiza baadhi ya watoto hao hepatitisi kwa makusudi. Kuna waliolishwa virusi vilivyotolewa kwenye kinyesi cha wagonjwa. Hebu isome hiyo tena, polepole.

Krugman alijitetea kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea mle ndani, wangeupata tu. Sawa, lakini nyumba chafu husafishwa! Tena akasema wazazi walitia sahihi. Sahihi gani, jameni? Mwishoni mwa 1964 Willowbrook iliacha kupokea watoto wapya kwa sababu ya msongamano, ila wodi ya utafiti bado ilikuwa na nafasi. Mzazi amechoka, hana pa kumpeleka mtoto, anaambiwa nafasi iko huku tu. Hapo aliyetia sahihi ni shida.

Mwaka 1966 daktari Henry Beecher aliuweka utafiti huo kwenye orodha ya tafiti zilizokiuka maadili. Mwaka 1972 mwanahabari Geraldo Rivera aliingia Willowbrook na kamera, nchi nzima ikaona hali ya mle. Mwaka 1974 Marekani ikapitisha sheria ya kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti.

Sasa sikia kilichofuata. Watafiti wengi waliona heri kuwaacha nje kabisa watu wenye ulemavu. Dawa inajaribiwa kwa wengine, halafu wao wanaandikiwa hiyo hiyo. Yaani tulitoka kuwatumia bila kuwauliza, tukaingia kuwafungia nje bila kuwauliza.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 15 kinakataza kumfanyia mtu yeyote majaribio ya kitabibu bila ridhaa yake huru. Kwangu mimi, ridhaa huru ina vitu vya kushika: fomu ya Breli, mkalimani wa lugha ya ishara, maelezo mepesi, muda wa kufikiria, na nafasi ya kusema hapana bila kupoteza matibabu. Na wawepo mezani tangu maswali ya utafiti yanapoandikwa.

Mimi si daktari, na chuo niliachia njiani. Lakini kumuuliza mtu "unataka?" na kungoja jibu lake hakuhitaji digrii.

Wewe au mtu wa kwenu mwenye ulemavu ashawahi kuombwa kushiriki utafiti? Alielezwa kwa njia gani? Niandikie hapo chini.